Tawi Thabiti na Tawi la Ujenzi: Kompyuta ya Nyumbani Ifuate Lipi?



Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft iliacha kuuhudumia mfumo wake wa Windows 10, swali moja limekuwa likirudi katika nyumba za jamaa zetu hapa Campbelltown, Minto na Ingleburn: kompyuta ya zamani tuifanyeje? Baba hataki kununua mpya. Mama hataki picha za arusi ya Mombasa zipotee. Kijana wa miaka kumi na sita, ambaye ndiye fundi wa nyumba bila ya kuteuliwa na mtu, ana jibu lake tayari: awekewe toleo jipya kabisa, lile ambalo hata halijatangazwa rasmi, kwa kuwa amekwisha kuliona likifanya maajabu katika kompyuta ya mwenzake. Makala haya yanahusu jibu la kijana huyo. Hayakuandikwa ili kumkemea, maana aghalabu ana ujuzi kuliko sisi wazee wake. Yameandikwa ili wazazi wapate kuelewa ni kitu gani hasa anachokiomba, na wapate kumwuliza maswali yanayostahili.

Mfumo wa uendeshaji ni ile programu iliyo chini ya programu zote. Ndiyo inayoiamsha kompyuta, inayogawa kumbukumbu, inayoiamuru printa ichape na kuliweka kila faili mahali pake. Huandikwa na mamia, pengine maelfu ya watu, nao hawaachi kuuandika hata siku moja. Kwa hiyo wenye mfumo hawana budi kuamua: kazi ya leo, ambayo wino wake haujakauka, wapewe watu wote, au iwekwe kando ijaribiwe kwanza? Desturi iliyoenea ulimwenguni ni kuigawa kazi hiyo katika matawi. Tawi moja huachwa litulie, lisiingizwe kitu ila marekebisho ya kasoro. Tawi la pili ni uwanja wa mafundi, ambamo mambo hujengwa, hubomolewa na kujengwa tena. Hapa tutaliita la kwanza tawi thabiti, na la pili tawi la ujenzi. Mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu: jahazi linalobeba abiria kwenda Pemba si lile lililoko ufukweni likipigwa kalafati, ingawa huenda yote mawili yakawa ya tajiri mmoja.

Zamani matawi haya yalitambulika kwa nambari tu. Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki alipokitangaza kiini cha Linux mwaka 1991, alitoa toleo 1.0 mwezi wa Machi 1994, na tangu hapo ikafuatwa kanuni nyepesi ajabu: nambari ya pili ikiwa shufwa, toleo ni thabiti, ikiwa witiri, ni la ujenzi. Hivyo 2.0, 2.2 na 2.4 zilikuwa za watu wote, na 2.1, 2.3 na 2.5 zilikuwa za mafundi. Kanuni hiyo iliachwa baada ya toleo 2.6 la Desemba 2003, kwa sababu tawi la ujenzi lilikuwa likikaa miaka kabla ya kuiva, na watu walichoka kungoja. Mwandishi huyu huisikitikia. Ilikuwa kanuni ambayo hata mtoto wa darasa la tatu angeweza kuishika, ilhali siku hizi mtu hana budi kusoma kurasa kadhaa ajue amepewa nini.

Neno "thabiti" lina maana gani?

Wengi hudhani kwamba tawi thabiti ni tawi lisilo na kasoro. Sivyo. Mwezi wa Novemba 2001 lilitoka toleo 2.4.15 la kiini cha Linux, toleo la tawi thabiti, la nambari ya shufwa kabisa, nalo likawa na kosa la kuharibu mpangilio wa faili katika diski kila kompyuta ilipozimwa kwa taratibu zake za kawaida. Ndani ya siku chache likatolewa toleo 2.4.16 kulisahihisha. Waliokuwa wepesi wa kusasisha siku ile ya kwanza ndio walioumia. Waliochelewa juma moja hawakujua hata kwamba kulitokea jambo.

Thabiti, katika lugha ya mafundi hawa, maana yake ni isiyobadilika tabia. Programu iliyofanya kazi jana itafanya kazi leo kwa namna ile ile. Kitufe kilichokuwa kushoto hakitahamia kulia. Printa iliyokubali itaendelea kukubali. Ni ahadi ya utulivu, wala si ahadi ya ukamilifu. Tawi la ujenzi nalo si lazima liwe bovu. Siku nyingi hufanya kazi vizuri, tena kwa kasi. Lisilokuwa nalo ni ahadi.

Mfano mzuri wa tofauti hii ni mfumo wa FreeBSD, ambao wahandisi wengi wa mitandao ya Afrika walijifunzia katika warsha za AfNOG, zile zilizofika Kampala mwaka 2003 na Nairobi mwaka 2006. Januari 2003 FreeBSD ilitoa toleo 5.0. Lilikuwa toleo rasmi, lenye nambari kamili, lenye mambo mengi mapya. Hata hivyo waundaji wake wenyewe waliwashauri watu waangalifu wabaki na tawi la 4 kwanza, na ilikuwa Novemba 2004, toleo 5.3 lilipotoka, ndipo tawi la 5 lilipohesabiwa kuwa thabiti. Takriban miaka miwili ilipita. Anayesimamia mtambo wa barua wa chuo au wa kampuni ya simu hawezi kuwaambia wateja wake wamstahimilie miaka miwili. Kwa hiyo alibaki na la 4, akalala usingizi.

Fundi aliye mwaminifu hutangaza hadhi ya kitu chake. Kazi yetu sisi ni kuusoma mlango kabla ya kuingia.

Nyumba yenye vyumba vitatu

Katika mifumo yote ninayoijua, hakuna ulioyapanga matawi yake kwa uwazi kama Debian, ambao Ian Murdock aliuanzisha mwezi wa Agosti 1993 na ambao hadi leo huendeshwa na watu wa kujitolea. Matoleo yake hupewa majina ya vikaragosi vya filamu ya watoto iitwayo Toy Story. Tawi thabiti, tangu tarehe 9 Agosti 2025, ni toleo la 13 liitwalo "trixie". Tawi la ujenzi daima huitwa "sid", nalo halibadiliki jina kamwe. Katika filamu ile, Sid ni mtoto wa jirani anayevunjavunja vitu vya kuchezea. Hakika jina lenyewe latosha kuwa onyo.

Baina ya hayo mawili kuna chumba cha katikati, tawi la majaribio. Kifurushi cha programu huingia kwanza katika sid. Kikikaa humo siku kadhaa, aghalabu mbili, tano au kumi kwa kadiri ya uharaka wake, na kisionekane kuwa na kasoro mpya iliyo kubwa, huvuka kuingia tawi la majaribio. Kila baada ya miaka miwili hivi tawi la majaribio hufungwa, halipokei tena mambo mapya, husafishwa kwa miezi kadhaa, kisha hutangazwa kuwa ndilo thabiti jipya.

Msomaji atasema: basi na tuchukue la katikati, maana mambo mema ni ya wastani. Hapa pana mtego ambao huwanasa watu wenye akili. Tundu la usalama linapogunduliwa, kikosi cha usalama cha Debian hulishughulikia tawi thabiti kwanza, na sid hupata dawa yake mara tu fundi anapoleta toleo jipya la programu husika. Tawi la katikati hungojea kifurushi kivuke kwa taratibu zake, na kama njiani kuna kizuizi, hukaa bila ya dawa siku nyingi zaidi ya ndugu zake wawili. Kwa kompyuta ambayo baba huitumia kulipia kodi ya nyumba na kutuma fedha Tanga, sioni sababu ya kuiweka huko.

Sasa nisimulie kisa ambacho kila mwenye kompyuta yafaa akijue. Mwezi wa Machi 2024 mhandisi aitwaye Andres Freund, mfanyakazi wa Microsoft, alikuwa akipima kasi ya programu katika mtambo unaotumia sid. Akaona kwamba kuingia katika mtambo huo kutoka mbali kunachukua nusu ya sekunde zaidi ya desturi. Nusu ya sekunde! Mtu mwingine angepuuza. Yeye akafuatilia, akafika katika programu ndogo ya kubana faili iitwayo xz, akakuta kwamba matoleo yake mawili ya mwisho, 5.6.0 na 5.6.1, yametiwa mlango wa siri. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ameshiriki katika kuitunza programu ile kwa zaidi ya miaka miwili, akasaidia kwa upole, akaaminiwa, akakabidhiwa funguo, kisha akautia mlango huo ambao ungemwezesha mwenye siri kuingia katika mitambo ya watu bila ya kubisha hodi. Freund alilitangaza jambo hilo tarehe 29 Machi 2024.

Sumu ile ilikuwa imekwisha kuingia katika sid na katika tawi la majaribio la Debian. Ilikuwa imeingia pia katika tawi la ujenzi la mfumo wa Fedora, na mengine ya namna hiyo. Tawi thabiti la Debian halikuguswa. Halikuokolewa na ujanja wowote. Liliokolewa na ukawiaji wake. Mlango ulikuwa bado uko njiani.

Watu wengi wakikisimulia kisa hiki huishia hapo, wakafurahi kwamba wazee waangalifu wameshinda. Lakini tazama ni nani aliyeiona sumu: alikuwa ni mtu aliyekaa katika tawi la ujenzi, akitumia kitu kichanga kwa macho makali. Kama watu wote ulimwenguni wangejifungia katika tawi thabiti, programu ile ingevuka bila ya kuonwa, ikatufikia sote. Na mambo kama hayo yamewahi kuvuka. Mwaka 2006 fundi mmoja wa Debian alifanya badiliko dogo katika programu ya siri iitwayo OpenSSL, badiliko lililodhoofisha kabisa namna ya kutengeneza funguo za siri. Lilipita sid, likapita majaribio, likaingia katika toleo thabiti la Aprili 2007, na halikutangazwa hadi Mei 2008. Mwaka mzima na zaidi, watu waliokaa mahali pa amani walikuwa wakifunga milango kwa funguo zinazoweza kukisiwa.

Tawi lililotulia na tawi lililokauka

Kijana wetu ana hoja nyingine, nayo ina uzito: "Baba, toleo thabiti ni la zamani. Nambari yake ni ya mwaka juzi. Vipi liwe salama?"

Jibu ni kwamba mafundi wa tawi thabiti hawaleti programu mpya nzima kila inapotokea tundu. Hulichukua lile rekebisho moja tu, wakalishona katika nguo ya zamani. Nambari hubaki ile ile ya mwaka juzi, na tundu huwa limezibwa. Kwa hiyo mtu asiipime afya ya kompyuta kwa ukubwa wa nambari. Aulize jambo moja: je, bado kuna mtu anayeshona? Ubuntu (ambalo, kama wengi wajuavyo, ni neno la kusini mwa Afrika lililo ndugu wa "utu" wetu) hutoa kila miaka miwili, mwezi wa Aprili, toleo la kudumu linaloshonwa miaka mitano. Lile la 24.04, la Aprili 2024, lina ahadi hadi mwaka 2029. Matoleo mengine ya katikati hushonwa miezi tisa tu. Anayechagua toleo la miezi tisa kwa sababu lina mapambo mapya amejipa kazi ya kuhama nyumba kila mwaka.

Windows 10 ndilo tawi lililokauka. Lilikuwa limetulia, tena kwa miaka kumi, lakini mshonaji ameweka sindano chini. Kwa watu binafsi Microsoft ilitoa muda wa nyongeza wa mwaka mmoja kwa wanaojiandikisha, ulioandikiwa mwisho wa tarehe 13 Oktoba 2026, na aliyeupata aliununua wakati, hakununua suluhisho. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 haziruhusiwi rasmi kupokea Windows 11, ama kwa kukosa chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, ama kwa sababu bongo zake hazimo katika orodha. Kubaki hivyo hivyo kwa kuwa "haijawahi kunisumbua" ndiyo tabia mbaya kuliko zote nilizozitaja, mbaya kuliko hata ya kijana anayetaka kila kilicho kipya.

Simu ya mama

Hata hivyo, hatari iliyo kubwa zaidi katika nyumba zetu haiko mezani kwenye kompyuta. Imo mkobani mwa mama.

Kila mwaka, mwezi wa Juni, kampuni ya Apple hutoa toleo la majaribio la mfumo wake wa simu ambalo rasmi hutoka Septemba. Mwezi wa Julai shule za New South Wales huwa na likizo ya majira ya baridi. Mambo haya mawili hukutana, na matokeo yake tunayajua: kijana amekaa ndani, nje kuna baridi, simu yake mwenyewe ameshaiwekea toleo la majaribio, na sasa anaitazama ya mama. Kuingia ni kubonyeza mara mbili tatu. Kutoka ndiko kwenye taabu. Ukitaka kurudi katika toleo la kawaida kabla ya wakati wake, simu hufutwa yote, na nakala ya akiba iliyochukuliwa ukiwa ndani ya majaribio huenda isikubalike katika toleo la nyuma. Simu za Android zilizosajiliwa katika majaribio zina sharti la namna hiyo: ukitoka kabla ya toleo rasmi kutolewa, kila kilichomo hufutwa. Kwa Windows pia, tangu Machi 2023 Microsoft ilipoyagawa majaribio yake katika njia nne, aliyejiunga na njia zile za mbali zaidi hakuwa na namna ya kurudi ila kufuta na kuanza upya.

Hebu tuzihesabu amana zilizomo katika simu hiyo. Mna sauti za marehemu bibi alizokuwa akizituma kwa WhatsApp kutoka Tanga au Lamu. Mna picha ambazo hazipo mahali pengine popote. Mna namba za siri zinazotumwa na benki kila mara unapotaka kuingia, na njia ya kuingilia huduma za serikali. Mtu aliyepoteza simu katika nchi yake huenda kwa jirani. Mtu aliyeko ugenini akiipoteza, hata kwa siku tatu, amekatiwa uzi wa nyumbani na uzi wa mjini kwa pamoja.

Wala si lazima simu ife ndipo pawe na hasara. Programu za benki zina haki ya kukataa kufanya kazi katika mfumo ambao hazijaujaribu. Na hata toleo rasmi linaweza kubadilisha mambo kimyakimya: Android 13, ya mwaka 2022, ilianza kuzitaka programu ziombe ruhusa kabla ya kutoa arifa yoyote, na Android 14, ya mwaka 2023, ikazinyima programu nyingi zilizowekwa upya ruhusa ya kulia kwa dakika maalumu hadi mwenye simu aitoe mwenyewe. Anayetegemea simu kumwamsha kwa daku, au kumwadhinia Alfajiri, baada ya kila sasisho kubwa afungue mipangilio akazitazame ruhusa hizo mbili kabla ya kulala. Ni kazi ya dakika moja.

Ijumaa ya mwezi wa Julai

Pana jambo la tatu, ambalo si la matawi hasa bali la mwendo. Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa nane na dakika tisa mchana kwa saa za Sydney, watu wengi wakiwa ndiyo kwanza wanarudi kazini kutoka sala ya Ijumaa, kampuni ya ulinzi wa kompyuta iitwayo CrowdStrike ilituma faili dogo kwa wateja wake ulimwenguni kote. Kompyuta zilizolipokea zikaanguka, zikajaribu kuamka, zikaanguka tena. Mashine za kulipia madukani zilisimama, viwanja vya ndege vikarudia kuandika kwa mkono. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Kompyuta zetu za nyumbani hazikuguswa, kwa kuwa programu ile ni ya makampuni.

Lililo la kutazamwa ni hili: wateja wengi wa kampuni hiyo walikuwa waangalifu. Walikuwa wamechagua kubaki nyuma toleo moja au mawili, yaani wamejiweka katika tawi lililotulia. Lakini uchaguzi wao ulihusu programu yenyewe, haukuhusu mafaili madogo ya kila siku, ambayo yalipelekwa kwa wote kwa mpigo mmoja. Walifunga mlango wa mbele. Mzigo ukapitia dirishani.

Microsoft yenyewe iliwahi kujikwaa kwa namna nyingine. Tarehe 2 Oktoba 2018 ilitoa sasisho kubwa la Windows 10, toleo rasmi la watu wote, na siku chache baadaye ikalisimamisha kwa sababu lilikuwa likifuta nyaraka na picha za baadhi ya watu. Lilirudishwa tarehe 13 Novemba. Kilichouma ni kwamba watu wa tawi la majaribio walikuwa wamekwisha kuliripoti kosa hilo. Taarifa zao zilizama katika wingi wa taarifa nyingine.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Marekebisho ya usalama ya kila mwezi yapokewe ndani ya siku chache, bila ya mjadala. Matoleo makubwa, yale yenye jina au nambari mpya, yangojewe mwezi mmoja au miwili. Ubuntu wenyewe hawamwiti mtu wa toleo la kudumu ahamie jipya mpaka litoke sahihisho lake la kwanza, miezi mitatu hivi baadaye. Na kabla ya hatua yoyote kubwa, picha na nyaraka zinakiliwe katika diski ya nje, kisha diski ichomolewe. Diski iliyobaki imechomekwa si akiba.

Nyumba yenye mtoto wa darasa la 12 ina hukumu yake. Mitihani ya kuandika ya HSC huanza Oktoba, na matoleo mapya ya simu na kompyuta hutoka Septemba na Oktoba. Katika wiki hizo kompyuta ya mtahiniwa isibadilishwe hata rangi ya dirisha. Aidha kwa watoto wadogo wanaopeleka kompyuta zao shuleni, mtihani wa NAPLAN, ambao tangu mwaka 2023 hufanyika Machi, hutumia programu maalumu ya kufungia skrini iliyotengenezwa kwa Windows, Mac, iPad na Chromebook. Aliyeihamishia kompyuta ya mtoto Linux aulize shule mapema.

Kompyuta ile ya zamani

Turudi kwa kijana na kompyuta iliyokataliwa na Windows 11. Ikiwa ndiyo kompyuta pekee ya nyumba, iwekewe tawi thabiti la Debian au toleo la kudumu la Ubuntu, baada ya kujaribiwa kwanza kwa kijiti cha USB bila ya kugusa diski, ili ijulikane kama kamera, sauti na printa vinakubali. Ikiwa imebaki bila ya kazi, kwa sababu baba hatimaye amekubali kununua nyingine, basi mwacheni kijana aiwekee sid. Na aivunje, aitengeneze, aivunje tena. Asiweke humo neno la siri la mtu yeyote, wala picha isiyo na nakala.

Tena ana kazi ya kufanya humo, kazi ambayo watu wa lugha yetu wameiacha kwa muda mrefu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi maelezo. Tafsiri za namna hiyo hufanywa katika tawi la ujenzi. Kabla ya kila toleo, waundaji hutangaza siku ya kuyagandisha maneno, ambayo baada yake hakuna sentensi inayobadilishwa, ili wafasiri wamalize. Katika mazingira ya GNOME, yanayotumiwa na Ubuntu na Debian, hilo hutokea mara mbili kwa mwaka. Neno lisilotafsiriwa wakati huo huingia katika tawi thabiti likiwa la Kiingereza, na hukaa hivyo mpaka toleo lifuatalo, ambalo kwa Debian ni miaka miwili. Bibi anayeifungua kompyuta mjini Campbelltown na kukutana na menyu iliyo nusu Kiswahili nusu Kiingereza anayaona matokeo ya tarehe moja iliyopita bila ya Mswahili kuwapo.

Kazi hiyo haihitaji kompyuta yenye nguvu. Ile iliyoshindwa kupokea Windows 11 yatosha, na kijana aliyelelewa kwa lugha mbili ana nusu ya ujuzi unaotakiwa. Nusu ya pili anaweza kumwuliza bibi.